Nusu ya Pili

Swali ni la shilingi 18,000. Watu watano wamekodi jahazi Lamu kwa siku nne, shilingi 60,000, yaani kila mtu 12,000. Nusu inalipwa kabla ya kung'oa nanga, nusu ya pili mkirudi. Siku ya pili chombo kinaharibika. Watatu kati ya watano wanapanda boti ya abiria na kurudi zao. Hawakurudi na jahazi, kwa hiyo nusu ya pili hawalipi. Je, wana deni?

Nimewauliza watu wengi hapa Machakos tangu Machi. Kinyozi wangu alicheka tu. Mama anayeniuzia muthokoi alisema, "Kwani walifika?" Kondakta mmoja pale steji alinijibu kwa hasira kidogo, kana kwamba mimi ndiye nimekuja kumdai: gari likikufa Salama, abiria anarudishiwa nauli, anasimamisha gari lingine, maisha yanaendelea. Hakuna abiria anayechangia gia boksi.

Nami nakubali kwamba jibu hilo si la kijinga. Ndilo jibu la bara, na mimi ni mtu wa bara kabisa. Maji makubwa niliyokua nayakodolea macho ni ya bwawa la Maruba. Lakini nilikuwa mmoja wa wawili waliobaki na lile jahazi, basi nisome kwa tahadhari. Aliyebaki huwa na hamu ya kuonekana alibaki kwa wema.

Kilichotokea ni hiki. Tulikuwa tumetoka kisiwa cha Pate asubuhi, tunarudi upande wa Manda, kaskazi inatusukuma kutoka nyuma, tanga limejaa kama shavu la mtu aliyemeza kiazi kizima. Kisiwa kilikuwa bado karibu. Mara pini zinazoushikilia usukani zikakatika, ya juu kwanza, halafu ya chini, na usukani ukaenda zake. Mashine ndogo ya nyuma ilikohoa mara mbili ikanyamaza. Mbele yetu maji yalikuwa yanapasuka meupe juu ya mwamba. Nahodha akaamuru tanga lishushwe. Yeye na baharia wake wakashika makasia, na badala ya kupigana na upepo ili kuukwepa ule mwamba, wakaligeuza jahazi na kulipeleka ufukweni kwa makusudi. Likapanda mchanga. Chini ya mchanga palikuwa na jiwe, na ubao mmoja wa chini, karibu na mkuku, ukapasuka.

Tulishuka sote saba katika maji ya kiuno. Mimi nilikuwa nimeinua simu juu ya kichwa kama mtu anayeapishwa.

Nikasema, "Boti imeharibika." Nahodha akasema, "Tumepwelewa." Nilidhani ni kitu kimoja. Sicho. Kupwelewa kunatokana na kupwa, maji yanapoondoka na kuacha nchi kavu, na ndiko lilikotoka jina la pwani yenyewe. Aliyeharibikiwa ana shida na chombo. Aliyepwelewa ana shida na wakati: maji yalikuwepo, yameondoka, na yatarudi yatakapotaka yenyewe.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo sisi wa bara hatulijui, na bila hilo kesi yote haieleweki. Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, hilo tulisoma shuleni. Lakini hayajai kwa kiasi kile kile. Mwezi ukiwa mpevu, na tena ukiandama, yanapanda juu sana na kushuka chini sana. Hiyo ndiyo bamvua. Kati ya bamvua na bamvua kuna maji mafu, ambayo hupanda kidogo na kushuka kidogo. Chombo kizito kikipanda mchangani kwenye kilele cha bamvua, una siku tatu hivi za kukitoa. Zikipita, maji ya kesho hayafiki yalipofika ya jana, na ya keshokutwa hayafiki hata hapo. Utangoja karibu wiki mbili. Huwezi kumhonga mtu, huwezi kupiga simu kwa mkubwa.

Jumapili ile mwezi ulikuwa mpevu.

Jioni akaja fundi, mzee mmoja mwembamba wa kijiji kile, akaligonga jahazi kwa kifundo cha kidole ubao kwa ubao kama daktari. Akasema: ubao mmoja mpya, usukani mpya, pini za kuchomelea, misumari, pamba na mafuta ya kalafati. Shilingi 26,000 pamoja na ufundi. Mbao zikija kesho kutoka Lamu, Jumatano usiku chombo kinaelea. Zisipokuja kesho, tuandike barua nyumbani.

Nahodha alikuwa na shilingi ngapi? Ile 30,000 ya mwanzo ilikuwa imeshakuwa mafuta ya mashine, chakula, maji ya kunywa na malipo ya baharia. Nusu ya pili ndiyo ilikuwa faida yake, na kwa bahati mbaya ndiyo pia ilikuwa matengenezo. Hakuiomba. Alieleza tu mambo yalivyo, akaenda kuswali.

Usiku ule tulibishana juu ya mkeka. Wenzetu watatu, mmoja wa benki, mmoja mwenye duka la simu mjini, mmoja muuguzi, walikuwa na kazi zinazowasubiri. Sitaki kuwafanya wabaya. Mwenzetu wa benki alisema jambo ambalo mpaka leo sijalivunja vizuri: "Tulinunua safari. Hatukununua hisa kwenye jahazi. Likipata faida mwaka huu atatugawia? Hatatugawia. Basi hasara pia si yetu." Kisha akaongeza kwamba pini zilikuwa na kutu, na aliziona. Hata mimi niliziona, baadaye, kipande kilichobaki: kilikuwa chekundu mpaka ndani. Muuguzi alisema kwa upole kwamba zamu yake ikikosa mtu kuna wagonjwa watakaokosa mtu, na hilo ni deni pia. Alfajiri walichukua bodaboda mpaka gati la Mtangawanda, wakapata boti ya Lamu.

Tukabaki wawili, mimi na rafiki yangu mwalimu, aliyekuwa na ruhusa ya wiki nzima. Tulitoa zetu, 6,000 na 6,000. Shilingi 12,000 zilitosha misumari, pamba, mafuta na sehemu ya mbao. Kwa zilizobaki nahodha alipiga simu siku nzima ya Jumatatu na nusu ya Jumanne, hadi tajiri mmoja wa samaki akakubali kumkopesha. Ukitaka kujua mkopo wa tajiri wa samaki una riba gani, jibu ni kwamba hauna riba. Una bei. Samaki wako atawanunua yeye, kwa bei yake, mpaka atakaposema basi. Mbao zilifika Alhamisi. Usiku ule maji yalikuja mpaka kwenye tezi, yakalamba ubao, yakarudi.

Kwa hiyo lile swali la shilingi 18,000 likageuka swali la siku kumi na mbili. Siku kumi na mbili za nahodha bila kazi, za baharia bila kazi, na za mama mmoja, jamaa ya baharia, aliyepata wageni wawili asiowaalika.

Niseme kidogo kuhusu huyo mama, kwa sababu katika ubishi wetu wote juu ya mkeka hakuna aliyemtaja. Tulimpa pesa ya chakula akakataa. Tulimwita Mama, akatuita wanangu, na siku ya tatu, kama msemo unavyotaka, tukapewa jembe. Mwalimu alipara samaki. Mimi nilichota maji na kumfundisha binti yake hesabu, jambo lililomchekesha sana rafiki yangu, maana chuo nilikiacha mwaka wa pili na hesabu ilikuwa sehemu ya sababu. Mchana nilikuwa kwa fundi. Aliniruhusu kutia kalafati: unasokota pamba, unaipitisha kwenye mafuta, unaishindilia kati ya ubao na ubao kwa patasi butu na nyundo, taratibu, mpaka mlio unabadilika. Mlio ukiwa mzito bado. Ukiwa mkavu imeshika. Alinifumua kazi yangu mara mbili bila kusema neno.

Sasa, nikiwa pale nikigonga pamba, nilikuwa na muda wa kufikiri, na intaneti hafifu ya kutosha kusoma. Nikagundua kwamba swali letu la mkeka lina umri wa zaidi ya miaka elfu mbili, na kwamba bahari ililijibu kinyume na kondakta wetu.

Mabaharia wa Bahari ya Kati walikuwa na desturi iliyopewa jina la kisiwa cha Rhodes. Warumi waliichukua, na katika karne ya 6 ikaingizwa katika mkusanyo wa sheria wa mfalme Justinian. Inasema hivi, kwa maneno yangu: dhoruba ikija na nahodha akatupa baharini shehena ya mtu mmoja ili chombo kipone, basi wote ambao mali zao zimepona watamchangia aliyetupiwa. Hasara iliyokubaliwa kwa ajili ya wote inabebwa na wote. Sheria hiyo haijafa. Tangu karne ya 19 inaendeshwa kwa kanuni zinazoitwa za York na Antwerp, zilizorekebishwa mara ya mwisho mwaka 2016. Ile meli Ever Given iliyoziba mfereji wa Suez mwezi Machi 2021, sote tukaichekea mtandaoni, mwenye meli aliitumia sheria hii hii: wenye mizigo katika makontena zaidi ya 18,000 wakaambiwa wachangie gharama za kuikomboa. Mtu aliyekuwa akisubiri viatu vyake tu.

Na kuna kipengele kilichonifanya niweke nyundo chini. Kanuni hizo zinataja waziwazi kitendo cha kukipandisha chombo ufukweni kwa makusudi ili kuokoa safari. Hasara ya namna hiyo ni ya wote. Ile ni picha ya Jumapili yetu kabisa: usukani ulivunjika kwa ajali, na huo ni wa nahodha peke yake. Lakini ubao ulivunjika kwa uamuzi. Alichagua kuuvunja, au walau kuuhatarisha, ili sisi saba tusikutane na mwamba.

Nilifurahi kwa dakika kumi. Halafu nikaendelea kusoma. Wanaochangia ni wenye mali. Mzigo wa abiria alioubeba mwenyewe hauhesabiwi. Maisha ya abiria hayahesabiwi kabisa. Yule mwanasheria wa Kirumi, Paulus, alishaeleza sababu: mwili wa mtu huru hauwezi kutiwa bei. Ungekuwa na magunia kumi ya kahawa kwenye jahazi lile, ungechangia kwa thamani ya magunia. Kwa kuwa ulikuwa na uhai wako tu, huna unachodaiwa.

Nimelizungusha jambo hili kichwani wiki nyingi. Kwa upande mmoja ni heshima kubwa: wewe huna bei, kwa hiyo hakuna anayeweza kukuandikia ankara. Kwa upande mwingine ni mchezo mchafu, maana kile cha thamani kuliko vyote ndicho pekee kilichookolewa bure. Na aliyekiokoa amebaki mchangani na ubao uliopasuka.

Nafikiri hapo ndipo sheria inaposhika kofia yake na kutuachia wenyewe. Kwamba kitu hakina bei hakumaanishi hakina deni. Mama aliyekuzaa hana ankara, na hakuna Mkamba ninayemjua anayeamini hadaiwi naye. Wenzetu watatu walijibu swali la mkataba, na walilijibu sawasawa: safari haikukamilika, nusu ya pili haikuiva. Lakini shilingi 18,000 zile hazikuwa tena bei ya safari. Zilikuwa zimegeuka kuwa sehemu yao ya ule mchanga. Ningekuwa hakimu ningesema wanadaiwa, hata kama si zote. Usukani ni wa nahodha, ubao ni wa wote, na fundi mwenyewe alisema ubao, misumari na kalafati ni kama nusu ya gharama.

Na zile pini zenye kutu? Hoja nzuri, na hata kanuni za bahari zinamruhusu mwenye mzigo kugoma kama uzembe ni wa mwenye chombo. Ila tukumbuke bei. Nahodha alitaka 80,000. Mwenzetu wa benki, hodari wa kupatana, alimshusha mpaka 60,000 na sote tukampigia makofi pale gatini. Sijui ile 20,000 ingekuwa pini mpya au ingekuwa karo ya mtoto. Lakini huwezi kumkamua mtu mpaka mwisho, kisha ukamshtaki kwa kuwa mkavu.

Kuna wanaosema mambo haya ya kuchangia hasara ni ya pwani, au ni ya Wazungu wa zamani, na bara kila mtu na gari lake. Wanasahau walikotoka. Matuta ya fanya juu unayoyaona ukipita Mua, yale ambayo wataalamu wa udongo duniani wanayaita hivyo hivyo kwa Kiswahili, mengi yamechimbwa na mwethya. Leo shamba lako, kesho langu. Hakuna aliyeandikisha saa. Ukiumwa siku ya zamu, ulichimbiwa vilevile. Ila sitaki kulia machozi ya zamani hapa, maana serikali ya kikoloni nayo iliona ushirika huo ikaugeuza kazi ya lazima, siku za kuchimba zikapangwa na chifu, na ukikosa una kesi. Kushirikiana kwa amri kunafanana sana na kushirikiana kwa hiari ukitazama kutoka ng'ambo ya bonde. Majembe ni yale yale. Tofauti ni kama unaweza kuondoka.

Na hapo ndipo wale watatu wananisaidia kuliko wanavyojua. Waliweza kuondoka. Kwa sababu waliweza, na kwa sababu mwalimu aliweza, kubaki kwake kulikuwa na maana. Kwangu mimi sina hakika.

Tuseme ukweli. Mimi naandika kwa kazi ya vipande. Hakuna ofisi iliyonisubiri, hakuna mgonjwa, hakuna zamu. Siku kumi na mbili zangu zilinigharimu makala mbili ambazo huenda zisingelipwa hata hivyo. Watu wakiniambia "ulikuwa na subira", nasikia wanachokisifu ni ratiba tupu. Tumezoea kuimba kwamba subira huvuta heri, na wanaoimbiwa ni wale wale: anayengoja foleni ya hospitali, anayengoja kitambulisho, anayengoja malipo ya siku tisini. Mwenye pesa hangoji, kwa hiyo hahitaji fadhila hiyo. Subira ikiwa fadhila ya wasio na njia nyingine, basi ni jina la adabu tulilolipa hali ya kukwama.

Yuko mtu aliyenifundisha kwamba mambo hayako rahisi hivyo, naye alitoka huku kwetu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilikuwa inawapunguzia Wakamba ng'ombe kwa nguvu, na ng'ombe wakipelekwa kwenye kiwanda kipya cha nyama pale Athi River. Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, kutoka Machakos hadi Nairobi kumwona gavana. Gavana hakuwaona. Wakakaa. Walipiga kambi wiki kadhaa na kazi yao ilikuwa moja tu, kungoja. Hawakuwa na silaha nyingine, na kungoja kwao kukawa kelele kubwa kuliko mawe, hata serikali ikalegeza kamba. Watu wasio na njia nyingine walifanya kukwama kwao kuwe hoja.

Serikali nayo ilimjibu Muindi kwa kungoja. Ilimkamata mwaka ule ule ikampeleka uhamishoni. Wapi? Lamu. Mkamba wa vilima, miaka kadhaa kisiwani, akitazama majahazi yakija na kaskazi na kuondoka na kusi, na hakuna hata moja lililoruhusiwa kumchukua. Nilipokuwa nimekaa kwenye ule ufuo wa Pate nilimfikiria sana. Mimi nilipwelewa na mwezi. Yeye alipwelewa na gavana.

Tofauti hiyo ina uzito hata leo. Mwaka 2017 ofisa wa meli kutoka Syria, Mohammed Aisha, alitajwa na mahakama ya Misri kuwa mlinzi wa kisheria wa meli MV Aman iliyozuiliwa kwa madeni ya mwenye meli. Kapteni alikuwa nchi kavu. Karatasi ilihitaji jina la mtu, likawekwa lake. Alikaa humo hadi Aprili 2021, mwishoni akiwa peke yake, bila umeme, na mama yake akafa akiwa humo. Dhoruba ilipoisukuma meli karibu na ufuo, akawa anaogelea kwenda kununua chakula na kuchaji simu, kisha anaogelea kurudi, kwa sababu kisheria meli ilikuwa ni yeye. Huyo alibaki na chombo kuliko sote. Sioni subira pale. Naona deni la mwingine lililowekwa juu ya mwili wa mtu, ule ule ambao Paulus alisema hauna bei.

Kwa hiyo nikiulizwa kama kubaki na chombo ni wema, siku hizi nauliza kwanza: mlango uko wazi? Na kama uko wazi, nani analipia wewe kubaki? Maana hata kubaki kwetu wawili hakukuwa bure. Mama yule alipika samaki kwa watu wawili zaidi kwa siku kumi na mbili. Mwalimu alipiga hesabu, chakula na malazi, akapata kwamba kwa bei ya Lamu mjini tungekuwa tumekula zaidi ya ile nusu ya pili tuliyotoa. Tulimchangia nahodha, mama akatuchangia sisi, na mama hakuwemo kwenye jahazi, hakuokolewa na mtu, hakuwa na hisa wala safari. Hakuna kanuni ya Rhodes inayomfikia. Tulipoondoka mwalimu alificha noti chini ya sahani. Binti aliyekuwa akifanya hesabu alitufuata mbio mpaka majini kuturudishia, akidhani tumesahau.

Mwezi ulipoandama maji yalirudi. Usiku watu kama ishirini wa kijiji walitoka na kamba bila kuitwa, kwa jinsi nilivyoona mimi, na jahazi likateleza kurudi nyuma kama mtu anayetoka kitandani taratibu ili asimwamshe mwenzake. Fundi alikuwa ndani na tochi, anatazama ubao wake. Ukawa mkavu. Zile kalafati zangu mbili tatu alizokubali zilikuwa upande wa kushoto, na niliomba zisiwe za kwanza kuvuja.

Njiani kuelekea Lamu nilimwuliza nahodha kama anawadai wale watatu. Nilitaka aseme ndiyo. Nilikuwa nimeshaandaa ujumbe wa kundi letu la WhatsApp, wenye Justinian ndani yake na yote.

Alishangaa. "Mimi niwadai? Wao ndio wanaonidai mimi."

Nikamwuliza vipi.

"Wamelipa nusu. Mimi nimewapa siku mbili tu, ya pili ikaishia mchangani. Safari yao haijaisha. Wakija wakati wowote wa kaskazi, nitawapeleka walipobakisha. Nafasi zao zipo." Akafikiri kidogo, akaongeza kwamba chakula watakuja nacho wenyewe, maana mambo yamekuwa magumu.

Na mkopo wa tajiri? Huo ni wake, akasema, na kaskazi ikiisha atavua mpaka uishe. Hakulalamika, wala hakunipa methali. Alikuwa anatazama usukani mpya, anausukuma kidogo kulia, kidogo kushoto, anausikiliza.

Ujumbe wangu sikuutuma. Nilituma maneno ya nahodha, hivyo hivyo alivyoyasema. Kundi likanyamaza siku mbili. Kisha muuguzi akatuma 4,000 kwa simu moja kwa moja kwa nahodha, hakusema kwa nini 4,000. Mwenye duka la simu aliweka kidole gumba, basi. Mwenzetu wa benki bado anashikilia kwamba hisa hakununua, na kwa hoja hiyo siwezi kumlaumu. Ila wiki iliyopita aliandika kuuliza kama ile nafasi yake kwenye jahazi inaweza kuhamishwa. Ana mdogo wake amemaliza fomu foo, hajawahi kuona bahari.